Maporomoko yaleyale, kamera tatu, maji ya namna tatu. Sababu ni nini?

Lufira_Nyeupe (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Mwezi wa nne tulikuwa kwenye maporomoko ya Kiubo, maji ya mto Lufira yamejaa. Nilisimama pahali pamoja na vyombo vitatu: simu, Canon ya kidijitali na lenzi yake ya 18-55, na Nikon FM2 ya marehemu baba yenye filamu ya negativu ya ISO 200 (ISO ni wepesi wa kupokea mwanga). Jua lilikuwa limeshapanda, hakuna wingu.

Simu imenipa maji meupe kama ukuta uliopakwa chokaa, huoni uzi wa maji hata mmoja. Canon imetoa nusu nyeupe, nusu kijivu. Filamu, baada ya kusafishwa na kuskaniwa, inaonyesha kila mkanda wa maji, na ule mvuke wa chini unatengana vizuri na povu.

Mimi nasema hivi: kwa maporomoko, filamu bado inazishinda simu na kamera za kidijitali. Anayepinga alete sababu, asilete bei ya simu yake. Nataka kuchapisha picha moja ya ukutani yenye upana wa mita moja na nusu, kwa hiyo nauliza kwa dhati.

Mama_Ruashi
Simu haina kosa. Uligusa maji kwenye skrini kabla ya kupiga? Pale Kiubo kuna miamba myeusi na msitu pande zote. Simu inapima lile giza, inadhani picha nzima ni ya giza, inaongeza mwanga, na maji ndiyo yanayoungua. Gusa sehemu nyeupe, shusha kile kijua cha pembeni mpaka uone mistari ya maji, halafu piga. Mimi napiga harusi na maporomoko kwa simu tu na wateja wanalipa.

Kolwezi_Kimya
Harusi na maporomoko kwa bei moja, Mama? Basi bibi harusi anayelia umfanyie punguzo, huyo umepata vyote viwili ndani ya picha moja.

Papa_Studio (Kamalondo)
Mwanangu Lufira, umeuliza vizuri, nami nakuunga mkono kwa sababu moja tu, lakini ni nzito. Kwenye negativu, sehemu nyeupe ya maji ndiyo sehemu nzito ya pelikule (filamu). Ukiizidishia mwanga haikati ghafla, inaendelea kujaza polepole, kwa hiyo hata ukizidisha hatua mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili) bado kuna kitu cha kuvuta wakati wa kuchapa. Sensa ya kidijitali haina huruma hiyo. Kila kinukta kina kiasi chake, kikijaa kimejaa, kinaandika nyeupe tupu na hakuna programu itakayorudisha kilichokosekana. Ndiyo maana tuliopiga pelikule tulifundishwa kupimia kwenye kivuli, na wa kidijitali wanatakiwa kupimia kwenye mwangaza.

Ila usiseme "filamu" kwa jumla. Slaidi, filamu inayotoa picha yenye rangi zake halisi na si kinyume, ni jambo jingine. Slaidi ya Velvia 50 kwenye jua la adhuhuri itakuunguzia maji haraka kuliko hiyo Canon yako. Aliyeokoa picha yako ni negativu.

Nyota_Kasapa
Papa, heshima yako, lakini tunakwenda haraka. Hatujaambiwa kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde) wala tundu la lenzi (ile namba ya f/). Lufira, tafadhali leta namba za kila kamera. Tukilinganisha picha tatu bila namba tutakesha hapa.

Kivu_Lenzi (Bukavu)
Na kabla ya namba: hizo picha umezilinganisha wapi? Kama ya simu ilipita WhatsApp ndipo ukaitazama, umelinganisha kibano cha WhatsApp (inavyopunguza ukubwa wa faili) na negativu. Sehemu yenye mistari myembamba mingi ndiyo inayobomoka kwanza ikibanwa, na maji yanayoanguka yote ni mistari myembamba.

Lufira_Nyeupe
Kivu, hapana, nimezitoa kwa waya na kuzitazama kwenye kompyuta. Dada Nyota, namba hizi hapa. Simu: f/1.8, ISO 50, 1/3200. Canon: f/8, ISO 100, 1/320. Nikon: f/11, filamu ya 200, 1/250, nilikuwa nimeandika kwenye karatasi.

Nyota_Kasapa
Asante, sasa tunaweza kuzungumza. Tumia ile kanuni ya jua kali: tundu f/16, kasi ni moja gawanya kwa ISO. Kwa kanuni hiyo simu imezidisha theluthi ya hatua, Canon imezidisha theluthi vilevile, na filamu imezidisha theluthi mbili. Yaani kwa kipimo chake, filamu ndiyo iliyopata mwanga mwingi kuliko wenzake, na ndiyo haikuungua. Hapo Papa ana haki.

Lakini tazameni kasi. Canon na Nikon zinakaribiana, simu iko mbali kabisa. Tundu la simu nyingi halifungi wala halifunguki, liko wazi siku zote, kwa hiyo kwenye jua haina njia nyingine ila kukimbiza shata. Kwa 1/3200 maji hayawi uzi tena, yanakuwa vitone maelfu vilivyosimama hewani, kila kimoja kinang'aa jua. Kisha programu ya simu inanoa kila kitone. Ukitazama kwa mbali vitone hivyo vinaungana, unaona ukuta. Kwa 1/250 kila kitone kimejivuta kidogo, kimekuwa mstari, na jicho linapata njia ya kufuata. Nadhani ukuta wako ni wa kasi, haukutokana na kuungua peke yake.

Mama_Ruashi
Kuungua ni kuungua, binti yangu. Akifungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, ataona mlima umegandamana kulia.

Papa_Studio
Sababu ya Nyota inaeleza simu. Haielezi Canon, maana Canon na FM2 zilikwenda karibu kasi moja. Yangu inaeleza zote mbili.

Nyota_Kasapa
Inaeleza zote mbili kama simu kweli iliungua. Bado hatujaona histogramu.

Sudere_Katuba
Jambo yenu. Miye si mupiga picha, miye nachomeleaka vyuma hapa Katuba. Kuko mwana mumoja wa foto anakuyaka kwangu kununua vile vioo vyeusi vya maski ya kuchomelea. Anavifungaka mbele ya lenzi na kauchu, anaenda navyo ku maporomoko, anasema maji inakuwa laini hata kama jua iko kali. Ananunuaka namba 10. Njo mayele ya kweli ao ananidanganya?

Nyota_Kasapa
Yaya, hakudanganyi, lakini mwambie namba 10 ni kubwa mno. Kioo cha kuchomelea namba 10 kinakula hatua 13 hivi za mwanga. Chukua Canon ya Lufira: 1/320 inakuwa sekunde 25 na zaidi kidogo. Kwa sekunde 25 maji ya Kiubo yanafutika, unabaki na ukungu, na kila jani lililotikiswa na upepo linafutika nalo. Namba 5 inakula hatua karibu 6, hapo 1/320 inakuwa moja ya tano ya sekunde. Hiyo ndiyo ya maporomoko. Filta za dukani zinazoandikwa ND64 zinafanya kazi ileile ya hatua 6, tofauti ni kwamba kioo chako kinatia rangi ya kijani nzito na hakikung'arishwa kwa ajili ya lenzi, kwa hiyo ncha za majani zinalegea kidogo.

Na ninyi mnaosoma, msichukue namba 5 kutazamia jua. La jua ni namba 14.

Kivu_Lenzi
Kijani kinatoka. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), halafu ndani ya programu bofya povu jeupe uiambie "hili ndilo jeupe". Isipokuwa kijani kikizidi sana, nyekundu inakuwa haina data ya kutosha na kivuli kinajaa chengachenga. Kama jua ni kali mno jaribu kwanza filta ya polaraiza. Inakula hatua moja hadi mbili, na inaondoa kung'aa kwa miamba iliyolowa na majani. Mimi naona hiyo peke yake inabadilisha picha ya maporomoko kuliko kubadilisha kamera.

Mzawa_wa_Arusha
Nimesoma mpaka hapa na nashangaa hakuna aliyeuliza kwa nini mnataka maji laini. Maji yana uzito. Mtu akisimama chini ya maporomoko anasikia kifua kinatikisika, halafu anarudi nyumbani na picha ya moshi? Mimi napiga 1/1000, kila tone lionekane, hata lile linalokuja usoni. Picha ya simu ya Lufira ingenifaa kama asingeiunguza.

Papa_Studio
Arusha, karibu. Maji laini hayakuanza kwa kupenda. Carleton Watkins alipobeba kamera yake ya vioo vikubwa kuingia Yosemite mwaka 1861, kioo kimoja kilikuwa na inchi 18 kwa 22 na dawa yake ilikuwa nzito kupokea mwanga. Shata ilikuwa mkono unaotoa kifuniko na kukirudisha. Hapakuwa na njia ya kusimamisha maji, kwa hiyo kila maporomoko aliyopiga yametoka laini, na watu wakazoea kuona hivyo. Baadaye dawa zikawa nyepesi, lakini mazoea yalibaki. Sasa watu wananunua filta ili warudi kwenye mwendo wa 1861.

Mzawa_wa_Arusha
Basi Papa umenipa hoja yangu mkononi. Ilikuwa shida ya chombo, si uzuri.

Papa_Studio
Shida ya chombo na uzuri vinaweza kukaa nyumba moja. Kinachoniudhi ni mtu kulainisha kila maji kwa sekunde nane bila kuyatazama kwanza. Mto mdogo wenye ngazi za mawe unapendeza kwa nusu sekunde, unaona njia ya kila mkondo. Kiubo ikiwa imejaa, mimi napiga moja ya ishirini na tano: uzito unabaki, uzi unaonekana.

Kivu_Lenzi
Na hizo namba zote bila umbali hazina maana. Kinacholainisha maji ni kiasi yanachosafiri ndani ya fremu wakati shata iko wazi. Ukiwa karibu na maji, una lenzi ndefu, 1/15 imeshalainisha. Ukiwa ng'ambo ya bonde na lenzi pana, nusu sekunde bado inaacha nyuzi. Ndiyo maana kila mtu hapa ana "kasi sahihi" yake na wote mna picha nzuri. Arusha anasimama kwenye manyunyu, Papa anasimama mbali na tripodi.

Kolwezi_Kimya
Wakubwa, miye swali yangu ni ya maporomoko ya Lofoi. Tunataka kwenda mbuga ya Kundelungu na wenzangu. Kiubo ni pana, Lofoi ni ndefu. Hizi hesabu zenu zinafanya kazi kule?

Kisanga_Nyuma
Lofoi ni habari nyingine kabisa. Maji yanaanguka zaidi ya mita 340 moja kwa moja, ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika. Katikati ya safari hewa imeshayapasua, yanakuwa mvua inayoyumba. Ukiacha shata sekunde tatu, upepo unalihamisha pazia lote na unapata doa pana la kijivu. Juu kwenye mdomo piga utakavyo, maji bado ni mamoja. Chini kabisa kuna mvuke tu. Mimi naona 1/60 hadi 1/30 inaonyesha yale mafungu ya maji yanayochomoka yakiwa na mikia, na hicho ndicho kitu ambacho Kiubo haina. Simama juu ya ukingo wa pili, usijaribu kuweka urefu wote ndani ya lenzi ya simu ukiwa chini, utapata pembetatu.

Suala la mwezi ndilo kubwa zaidi. Wengi wanakwenda mwezi wa nane kwa sababu barabara ni kavu, wanakuta uzi mwembamba na anga imejaa moshi wa majani yanayochomwa.

Mama_Ruashi
Moshi unanifaa mimi. Mwezi wa nane jioni jua linakuwa jekundu na laini, vivuli havikati. Picha zangu bora za ngozi na za mawe ni za wakati huo.

Kisanga_Nyuma
Za ngozi, ndiyo. Kwa kitu kilicho mbali, ule moshi unalala kati yako na maji, weusi wa mwamba unakuwa kijivu, na polaraiza haisaidii sana. Mwezi wa tano na wa sita ndiyo wakati wangu: mvua zimekwisha, mto bado una maji, anga limeoshwa.

Papa_Studio
Mimi nakwenda masika, mwezi wa pili au wa tatu, wakati wote wanaogopa tope. Sababu ni wingu. Wingu zito linafanya kazi ya kitambaa kikubwa kilichofunika taa: jeupe la maji na jeusi la mwamba vinakaribiana, hata kamera ya bei ndogo inabeba vyote viwili. Lufira, kama mngefika Kiubo siku ya wingu, kamera zako tatu zingeleta picha zinazofanana sana, na mjadala huu usingekuwepo. Ila anga lenyewe usilitie ndani ya fremu, litakuwa bati jeupe. Kata juu ya mdomo wa maji.

Lufira_Nyeupe
Papa, hapo mwanzo ulisema negativu, sasa unasema wingu.

Papa_Studio
Vyote. Negativu ilikuokoa kwenye jua. Wingu lingekuokoa usihitaji kuokolewa.

Likasi_Mto
Kuna jambo mmeruka. Mwezi wa nne Lufira ina udongo. Maji yenye udongo si meupe, ni ya kahawia, yanarudisha mwanga mdogo kuliko povu safi. Sasa kila kamera inajaribu kuamua rangi ipi ni "nyeupe halisi". Simu inaondoa ukahawia kwa nguvu, inalisukuma povu liwe jeupe la karatasi. Filamu ya mchana haiamui kitu, imetengenezwa kwa mwanga wa jua na inaacha ukahawia ulivyo, na ule ukahawia ndio unaochora mikanda ya maji. Lufira, tazama tena: mikanda unayoiona kwenye filamu si ya rangi ya udongo?

Lufira_Nyeupe
Ni ya rangi ya udongo, kweli. Kwenye simu haipo kabisa. Kwenye Canon ipo upande wa kushoto tu, penye kivuli cha mwamba.

Nyota_Kasapa
Likasi, hiyo inaweza kupimwa. Lufira, fungua faili la Canon, weka mizani ya rangi kwenye 5500, ile ya jua, uone kama mikanda inarudi. Ikirudi, Likasi ana haki. Isiporudi penye jua, hapo data haipo na Papa ana haki.

Mzawa_wa_Arusha
Wakati anafungua: kuna anayejua siri ya kupata upinde wa mvua? Nimekwenda Thomson's Falls kule Nyahururu, mita 74, mvuke mwingi, sikuuona. Mwenzangu akiwa palepale saa moja baadaye akaupata kwa simu.

Nyota_Kasapa
Upinde una pembe yake, nyuzi 42 kutoka kwenye mstari unaopita jua, kichwa chako na kivuli chako. Jua liwe mgongoni, na liwe chini ya nyuzi 42 kama unatazama mvuke ulio mbele yako au juu yako. Hapa Lubumbashi mwezi wa sita ina maana kabla ya saa nne za asubuhi au baada ya saa nane na nusu mchana. Mwezi wa kumi jua linapita karibu juu ya utosi, muda wa upinde ni mfupi zaidi.

Kolwezi_Kimya
Dada, hapo nakataa. Miye niliona upinde adhuhuri, jua juu ya kichwa, na picha niko nayo.

Nyota_Kasapa
Ulikuwa juu au chini ya maporomoko?

Kolwezi_Kimya
Juu, naangalia bondeni.

Nyota_Kasapa
Basi ndiyo hivyo. Ukitazama chini bondeni upinde unaweza kuwa chini ya miguu yako hata jua likiwa kichwani. Aliye bondeni saa ileile haoni kitu. Hatupingani.

Kivu_Lenzi
Onyo moja: mwanga wa upinde umepangika upande mmoja, kwa hiyo polaraiza inaweza kuufuta wote au kuukoleza. Zungusha filta ukiutazama, usipige kwa mazoea. Nimeona mtu amesimama mbele ya upinde mzuri anauliza "uko wapi?" na filta yake ndiyo imeumeza.

Kisanga_Nyuma
Wenye pasi na nafasi wavuke mpaka wa Kasumbalesa waende maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), Livingstone, siku za mwezi mpevu maji yakiwa mengi, mwezi wa nne hadi wa sita. Mita 108 kwenda chini, upana unapita kilomita moja na nusu, mvuke unapanda juu ya vichwa. Usiku mwezi unachora upinde. Kwa jicho ni utepe wa rangi ya fedha, lakini kamera ikikusanya mwanga kwa sekunde kumi hivi, kwa ISO 1600 na tundu wazi, rangi zote zinatoka. Hapo sijali kama maji yamelainika. Ila beba vitambaa vingi vikavu. Lenzi inalowa kabla shata haijafunga. Mimi naifunika, nahesabu, nafuta, nafungua shata, nafunika.

Papa_Studio
Ukienda na pelikule kwa usiku huo, ukipita sekunde moja pelikule nyingi zinaanza kulala, sekunde kumi za kipimo zinaweza kuhitaji ishirini au zaidi. Sensa hailali hivyo. Hapo, Lufira, kidijitali kinaishinda negativu bila ubishi.

Lufira_Nyeupe
Nimeiandika hiyo, Papa.

Ruashi_Aeropo
Mbona hamsemi maporomoko ya Mwadingusha? Iko karibu kwetu kuliko Lofoi.

Likasi_Mto
Kwa sababu pale maji yanategemea bwawa. Kituo cha umeme kiko tangu 1930, maji yanazuiwa ziwa Tshangalele na kupelekwa kwenye mabomba, kinachoanguka kwenye mwamba ni kile kilichoachwa. Siku nyingine unakuta mwamba mkavu. Halafu ni mitambo ya taifa: usitoe kamera kabla ya kuongea na walinzi na kupata ruhusa iliyoandikwa. Hata ukisema unapiga maji tu, lenzi inaelekea bwawa.

Mama_Ruashi
Narudi kwenye simu, maana naona imekuwa mtoto wa kambo humu. Nyota amesema tundu la simu halifungi. Kweli. Lakini kuna njia bila filta. Weka simu kwenye tripodi au kwenye mfuko wa mchanga juu ya jiwe, piga picha nyingi mfululizo bila kuigusa, halafu uziunganishe kwa wastani ndani ya programu. GIMP ni ya bure. Picha 16 zikiunganishwa, maji yanalainika na chengachenga zinapungua, mwamba unabaki umekaza. iPhone inafanya kitu cha ukoo huo yenyewe tangu 2017: unapiga Live Photo, kisha unachagua ile athari ya mwanga mrefu. Wateja wangu hawaulizi nilitumia nini.

Mzawa_wa_Arusha
Picha 16 za vitone vilivyosimama si sawa na shata moja iliyoachwa wazi. Kati ya picha na picha kuna pengo, ukikaribia unaona maji yamekatika vipande.

Mama_Ruashi
Piga 60, mapengo yanajaa. Njoo Ruashi nikuonyeshe iliyochapwa, uiguse na pua.

Kivu_Lenzi
Mfuko wa mchanga ni bora kuliko tripodi nyepesi. Karibu na maji mengi ardhi yenyewe inatetemeka, na upepo wa maporomoko unapiga miguu ya tripodi. Watu wanalaumu lenzi.

Likasi_Mto
Na msifunge tundu mpaka f/22 ili kupata kasi ndogo bila filta. Picha nzima inalegea kwa sababu mwanga unapinda kwenye tundu dogo, na vumbi letu jekundu lililoingia kwenye sensa linaonekana kama madoa angani. Hapa kwetu kiangazi kinaleta vumbi hata ndani ya begi lililofungwa. Ishia f/11.

Lufira_Nyeupe
Nimerudi. Nimefungua faili la Canon kwa mizani ya 5500 na kushusha mwanga. Upande wa kushoto na katikati mikanda ya kahawia imerudi, kumbe ilikuwepo. Kwenye mdomo wa maji, pale jua lilipopiga moja kwa moja, hakuna kitu, nyeupe tupu hata nikivuta vipi. Ya simu haina RAW, ni JPEG. Histogramu imegandamana kulia, lakini hata pale ambapo haikuungua naona vitone na si nyuzi.

Papa_Studio
Mdomo: sensa imejaa. Nilisema.

Likasi_Mto
Katikati: mizani ya rangi. Nilisema.

Nyota_Kasapa
Simu: kasi. Na Mama naye ana haki juu ya histogramu.

Mama_Ruashi
Mama ana haki, andikeni kwa herufi kubwa.

Mzawa_wa_Arusha
Na bado hakuna aliyethibitisha kwamba filamu ndiyo bora. Mngepunguza hatua moja na nusu kwenye Canon palepale, mdomo ungebaki, na kivuli mngekifungua baadaye. Hiyo picha haikupigwa, kwa hiyo ushindani haujafanyika.

Papa_Studio
Ukipunguza hatua moja na nusu kisha ukafungua kivuli cha msitu ule mweusi, utapata chengachenga kwenye chapa ya mita moja na nusu. Kwa simu utaona, kwa ukuta utaona zaidi.

Kivu_Lenzi
Inategemea sensa, Papa. Za miaka hii zinavumilia kufunguliwa hatua tatu kwenye ISO 100. Lufira, Canon yako ina pikseli ngapi?

Lufira_Nyeupe
Milioni 24.

Kivu_Lenzi
Basi upande mrefu ni 6000. Kwa sentimita 150 ni pikseli 100 hivi kwa inchi. Mtu akisimama mita mbili hataona kasoro. Skani ya filamu ya 35 mm utapata ukubwa huohuo ukiskani vizuri, lakini kwa ukuta utaona chembe za filamu. Wengine wanazipenda.

Papa_Studio
Mimi nazipenda. Niletee negativu yenyewe Kamalondo, si ile skani. Mara nyingi kinachoitwa ubaya wa filamu ni skana iliyopita haraka.

Mama_Ruashi
Mimi nasema usichape hata moja kati ya hizo tatu. Rudi Kiubo siku ya wingu.

Lufira_Nyeupe
Nitafanya yote mawili. Negativu naileta wiki hii, na mvua zikianza tunarudi na kamera zilezile, nipige Canon kwa hatua moja na nusu chini kama Arusha anavyotaka. Filta bado sina.

Sudere_Katuba
Yaya, namba 5 kuko mbili hapa kwangu, miye nitakukatia duara. Lenzi yako upana ni milimita 58 ao 52?

Lufira_Nyeupe
Canon 58, Nikon 52. Kata zote mbili, aksanti.

Sudere_Katuba
Kuya siku ya posho, asubuhi. Na ulete lenzi yenyewe, nisipime ku maneno.